Kaka alizimika, faili likaongea: karatasi zilivyookoa kiwanja cha Moshono, na laminesheni yangu ilivyotaka kukipoteza

Saa 4:17 asubuhi, siku ya Jumanne.

Dakika nina uhakika nazo. Mimi kila nikianza kurekebisha mzani huandika saa kwenye daftari, na siku hiyo nilikuwa nimeandika 4:15. Simu ya shemeji iliita kabla sijafungua skrubu ya pili.

Wakuu, habari za wakati huu. Humu ndani mimi ni msomaji wa miaka mingi na mchangiaji wa mara chache. Leo naleta la kwangu. Majina nimebadilisha. Kiasi cha fedha sijabadilisha hata senti. Na pale nilipokosea mimi, nitasema nilikosea mimi.

Mnijue kidogo kwanza, ili msome mkijua anayeandika ni nani.

Ni fundi wa mizani hapa Arusha. Mizani ya maduka, ya bucha, ya stoo za nafaka. Kibanda changu kipo Levolosi, naishi Lemara. Elimu yangu ni darasa la saba, halafu kusoma. Kila nilichojua baada ya darasa la saba nilikitafuta mwenyewe kwenye vitabu vya mitumba, vijitabu vinavyokuja na mashine, na humu mtandaoni.

Kaka yangu mkubwa nitamwita Elibariki. Ana bucha hapo hapo Levolosi. Mke wake, shemeji yangu, nitamwita Mama Anjela. Ana mgahawa mdogo ukuta kwa ukuta na bucha, anauza loshoro, makande na chai. Kwa waliopo mbali, loshoro ni mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa mgando. Ukila asubuhi, mchana huna kelele.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila hii sehemu uzi hautaeleweka.

Baba yetu alikuwa mkulima wa kahawa huko juu mlimani. Mtu makini, asiyedaiwa na mtu. Alipofariki tulijua kila karatasi yake ipo, na kweli ilikuwepo. Shida ni kwamba zilikuwa zimetawanyika.

Kitabu cha benki tulikikuta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Kadi ya chama cha kahawa alikuwa amempa mzee mmoja wa kanisa amtunzie. Karatasi ya shamba la bondeni mama alikuwa ameikunja akaiweka kwenye kopo la chumvi, kwa maelezo kwamba chumvi haiozi.

Miezi saba tulitafuta karatasi za mtu ambaye hakupoteza hata moja.

Ile miezi saba ilinifundisha. Nilianza kusoma jinsi watu wanavyopanga nyaraka za dharura. Mengi niliyoyakuta yaliandikwa kwa watu wenye sefu ndani ya nyumba na mwanasheria kwenye simu. Mimi nina kabati moja na binamu anayejua kuongea. Nikaamua nitengeneze utaratibu wangu.

Nilichofanya ni hiki. Faili moja gumu lenye kurasa za nailoni. Sikupanga kwa aina ya karatasi. Nilipanga kwa swali ambalo mtu atauliza siku ya matatizo.

Sehemu ya kwanza, huyu ni nani: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa. Ya pili, anaumwa nini: kadi ya bima, kundi la damu, dawa zinazomdhuru. Ya tatu, ana nini. Ya nne, anadai nani na anadaiwa na nani. Ya tano ni karatasi moja tu, imeandikwa kwa mkono wa mwenye faili, kichwa chake "Nikilala ghafla". Humo unaandika jambo ambalo halisubiri. Kila mwezi unalisoma, unafuta lililopita, unaandika jipya.

Namba za siri haziandikwi humo. Kamwe. Hilo nalisema mapema kabla mtu hajaja kuniuliza kwa ukali.

La kwangu lilipokamilika, nikamfuata kaka.

Wakuu, nilichekwa.

"Mdogo wangu," kaka aliniambia huku ananoa kisu, "umezoea kupima nyama ya ng'ombe, sasa umehamia kwangu? Pima basi na jeneza, tumalize siku moja."

Wateja wakaangua kicheko. Mama Anjela akatokea mlangoni na mwiko mkononi, yeye hakucheka.

"Shem, hayo maneno ya 'nikilala ghafla' ni kujiitia. Futa."

"Shemeji, tairi la akiba halileti pancha," nikamjibu.

"Tairi halina masikio. Shetani anayo."

Nilibishana nao wiki tatu. Mwishowe kaka alikubali kwa sababu moja tu, alitaka niache kwenda dukani kwake. Akataka faili likae kwenye briefcase yake, lifungwe, ufunguo abaki nao shingoni pamoja na ule wa bucha. Hapo nilikataa kabisa. Faili la dharura likifungwa, na ufunguo ukawa shingoni mwa majeruhi, halina tofauti na kutokuwepo.

Mama Anjela ndiye aliyeamua. Alilitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaiweka juu ya kabati la vyombo mgahawani. Alisema hapo ndipo mahali pekee ambapo mikono yake inafika akiwa amechanganyikiwa.

Niliona ni mahali pa ajabu.

Tuendelee na ile Jumanne.

Kaka alikuwa anatoka mnadani kwa bodaboda. Mbele yao akakatiza punda mwenye mzigo, dereva akamkwepa, pikipiki ikaingia mtaroni. Dereva alichubuka magoti. Kaka aligonga kichwa kwenye ukingo wa saruji, akazimika pale pale.

Nilifika hospitali saa 5:05. Njiani nilikuwa najiandaa kwa yale niliyoyazoea: kuulizwa kadi, kuulizwa namba, kurudi nyumbani, kupekua mifuko ya makoti.

Nilimkuta Mama Anjela amekaa kwenye benchi na aproni yake, maziwa mgando yamekauka kwenye viwiko, faili mapajani. Alikuwa ameshamaliza. Bima imesajiliwa, fomu zimejazwa, kaka ameshaingizwa ndani kupigwa picha ya kichwa.

"Muuguzi aliuliza kama kuna sindano inayomdhuru," akaniambia. "Nikafungua ya pili, nikamsomea. Penisilini. Shem, mimi ningesahau jina. Ningesema 'ile sindano ya wakati ule.'"

Kisha ndipo akalia.

Nakiri kwamba katika hali ile, kaka yangu yupo ndani hajitambui, nilijisikia fahari. Niliona aibu kwa fahari ile, lakini ilikuwepo.

Daktari alituambia kuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, atalala muda usiojulikana. Siku tatu, wiki tatu, hawezi kuahidi.

Siku ya pili jioni tumekaa mgahawani tunapanga zamu za hospitali. Mama Anjela akaifungua sehemu ya tano. Alikuwa hajawahi kuisoma. Aliogopa kile kichwa cha habari.

Ilikuwa mistari minne, mwandiko wa kaka, herufi kubwa kama anaandika bei za nyama kwenye ubao:

"KIWANJA MOSHONO. AWAMU YA 14 SIJALIPA, NG'OMBE WATATU WAMENIFIA. TAREHE 15 MWEZI HUU LAZIMA, NIKIRUKA TENA MKATABA UMEKUFA. HELA IPO KIKUNDI CHA WACHINJAJI, MWEKA HAZINA ANAJUA."

Mama Anjela alisoma mara mbili. Kiwanja alikijua, amekipandia migomba mwenyewe. Ng'ombe waliokufa hakuwajua. Awamu iliyorukwa hakuijua. Kikundi cha wachinjaji alidhani ni cha kuzikana.

"Miaka kumi na minane," akasema. "Miaka kumi na minane nampikia, naambiwa na faili."

Tarehe siku hiyo ilikuwa 5.

Nieleze mkataba ulivyokuwa, maana kila kitu kinasimama hapo. Kiwanja kiliuzwa milioni 24, kwa awamu 16 za milioni moja na nusu, kila tarehe 15. Malipo ni mkono kwa mkono mbele ya shahidi, na muuzaji anasaini kila awamu kwenye jedwali lililo nyuma ya mkataba. Mnunuzi akiruka miezi miwili mfululizo, mkataba unavunjika, kiwanja kinarudi kwa muuzaji, na mnunuzi anarudishiwa nusu ya alicholipa.

Kaka alikuwa ameshalipa awamu 13, yaani 19,500,000.

Pigeni wenyewe hesabu ya nusu.

Tarehe 6 tulikwenda kwa mweka hazina wa wachinjaji. Mzee mwenye bucha karibu na stendi, mpole, daftari lake safi kuliko langu. Tulimwonyesha kadi ya kaka na barua ya uwakilishi. Hii barua ilikuwa sehemu ya kwanza ya faili, kaka alimwandika mkewe kumwakilisha kwenye mambo ya fedha na mali akiwa hawezi, ikagongwa muhuri ofisi ya mtaa. Siku anaisaini alinicheka vilevile.

Mzee akaisoma, akafunua daftari. Akiba ya kaka ilikuwa 3,240,000.

"Mama, kikao ni Jumatatu," akasema. "Jumatatu jioni njoo uchukue. Na umwambie mumeo akiamka, sisi hatukumsema. Ni karatasi yake iliyomsema."

Jumatatu, tarehe 10, milioni tatu zilikuwa mkononi mwa Mama Anjela. Zilitosha awamu ya 14 na ya 15 kwa pamoja. Kilichobaki ni kumpata muuzaji.

Nitamwita Bwana Tito.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Tulikuwa tumeanza kuipiga tangu tarehe 6. Tarehe 11 tulikwenda hadi kwake, mkewe akachungulia getini akasema amesafiri, hajui anarudi lini. Nyuma yake nguo za kazi za mwanaume zilikuwa zinachuruzika maji kwenye kamba.

Habari za ajali zilikuwa zimefika Moshono kabla yetu. Na nikuambieni ukweli, tangu kaka anunue pale, barabara ya lami imesogea, na viwanja vya jirani sasa vinauzwa karibu mara mbili. Bwana Tito hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Alihitaji tu kutopatikana hadi tarehe 16.

Tarehe 13 Mama Anjela akasema basi, twende kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mtaa ule ni mama mtu mzima, mstaafu wa ualimu. Tulimsalimu shikamoo, akatusikiliza bila kutukatiza, kisha akachukua simu yake ndogo ya tochi akapiga. Ile simu iliyozimwa kwetu kwa wiki nzima ikaita kwake mara moja.

"Tito, uko wapi? ... Mbona nasikia jogoo wako? ... Kesho saa tatu ofisini kwangu."

Tarehe 14, saa tatu na dakika kumi, Bwana Tito akaja. Amenyoa vizuri, ana koti. Akatupa pole ndefu yenye Mungu ndani mara nne.

Kisha akasema, "Ila mimi nilifanya biashara na mwanaume mwenzangu. Akiamka aje tumalizane. Siwezi kuchukua hela ya mgonjwa kwa mama wa watu, kesho nikaambiwa nimedhulumu."

Mama Anjela alifungua faili, akatoa barua ya uwakilishi, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti ya darasani, akamwonyesha na kipengele cha mkataba kinachosema "mnunuzi au mtu aliyemwandika".

"Haya," Bwana Tito akasema. "Lete huo mkataba nisaini."

Wakuu, hapa ndipo naomba mniwie radhi, maana nakuja kwenye kosa langu.

Mimi napenda laminesheni. Nyinyi pia mnapenda, tusidanganyane. Mtu akipata cheti hapa kwetu, kabla hajamwonyesha mama yake ameshakipeleka stationery kupigwa plastiki. Nilipokuwa natengeneza mafaili yetu nilipiga laminesheni kila kitu kilichopitika kwenye mashine.

Mkataba wa kiwanja ulikuwa unakaa buchani kwa sababu ya kusainiwa kila mwezi. Mwezi mmoja kabla ya ajali, nikiwa kwenye ukaguzi wangu wa mafaili, niliukuta una mafuta na alama ya dole la damu ya ng'ombe. Nilikasirika. Nikauchukua, nikaupeleka ukapigwa laminesheni mbele na nyuma, nikauweka kwenye faili unang'aa. Nilijipongeza.

Sikufikiri kwamba jedwali la nyuma lilikuwa na mistari mitatu mitupu.

Bwana Tito aliugeuza mkataba. Akaupitisha kidole gumba. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Fundi," akaniuliza, "hapa nasaini na nini? Msumari?"

Watu wawili waliokuwa wanasubiri huduma kwenye benchi walicheka. Sikuwalaumu.

Akaendelea taratibu, kama mtu anayeonea huruma. "Mkataba unasema kila awamu isainiwe nyuma ya mkataba huu. Nyuma ndiyo hii. Mmeifunga wenyewe, sikuifunga mimi. Tusigombane, tuandike mpya. Ila bei itakuwa ya leo, lami mmeiona wenyewe mlipokuwa mnakuja."

Nilifikiria mkasi, nikakumbuka niliwahi kujaribu kubandua plastiki kwenye cheti kimoja, ikatoka na wino wote. Nikibandua ile, sahihi kumi na tatu za huyu bwana zitaondoka na plastiki, na tutakuwa tumemsaidia kazi.

Nina umri wa miaka hamsini na moja. Nimesoma vitabu vingi. Hakuna kilichonifundisha hili.

Mama Anjela akauliza, kwa sauti ile anayoulizia nani hajalipia chai, "Baba, mkataba ule uliandikwa nakala ngapi?"

"Tatu."

"Huu wetu una plastiki. Wa kwako?"

"Uko Karatu, kwa mama."

"Na wa tatu?"

Mwenyekiti alikuwa ameshainuka anaelekea kwenye kabati la chuma. Akachomoa bahasha, akatoa nakala ya ofisi, karatasi kavu, haijaguswa tangu siku ilipogongwa muhuri. Nyuma kuna jedwali, mistari kumi na sita, yote mitupu.

"Huo hauna kitu," Bwana Tito akasema haraka. "Nikisaini humo itaonekana nimepokea awamu mbili tu. Hizo kumi na tatu ziko wapi?"

Mama Anjela akaunyanyua ule mkataba wa plastiki hadi usawa wa macho yake.

"Hizi hapa. Hii plastiki inayokuzuia kuandika, inakuzuia na kufuta. Zinakili moja moja, tarehe na sahihi, mwenyekiti akiangalia. Mimi sina haraka. Loshoro nimemwachia dada yangu."

Mmoja wa wale wa kwenye benchi akasema, "Mama umeua." Mwenyekiti akamwambia anyamaze, hii ni ofisi. Lakini na yeye alikuwa anazuia kicheko, niliona.

Kunakili kulichukua dakika arobaini. Mwenyekiti alifananisha kila sahihi. Awamu ya 14 na ya 15 zikalipwa mbele yake, Bwana Tito akahesabu, akasaini, mwenyekiti akagonga muhuri na kuandika chini kwamba nakala hiyo ndiyo itatumika hadi mwisho wa malipo. Tukatoa fotokopi nne, wakili wa jirani akazithibitisha siku hiyo hiyo.

Tulipotoka nje nilitaka kumwomba shemeji msamaha kwa ile laminesheni. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

Akanikatiza. "Shem, tafuta bodaboda. Saa ya kuona wagonjwa inapita."

Kaka alifumbua macho Jumapili, tarehe 16, baada ya ibada ya kwanza. Kanisani walikuwa wamemwombea, na mimi sitabishana na mtu kuhusu hilo.

Nilikuwepo. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". La pili, akiangalia dari, "Leo tarehe ngapi?"

Mama Anjela akamwambia, "Kumi na sita."

Kaka alifumba macho tena. Chozi likatoka, likashuka hadi sikioni. Mwanaume huyo nimemjua maisha yangu yote, hata kwenye msiba wa baba hakulia mbele za watu.

"Imelipwa," mkewe akasema.

Akafumbua. "Na nani?"

"Na mkeo. Kwa hela uliyomficha mkeo."

Kaka, mdomo umekauka, bandeji kichwani, akageuza macho polepole hadi akaniona mimi nimesimama miguuni pa kitanda.

"Fundi," akasema, "wewe na faili lako..." na hakumaliza, maana kicheko kilimuumiza kichwa.

Yaliyofuata nyumbani kati yao wawili siyo ya humu. Nasema tu kwamba hela ya kikundi cha wachinjaji sasa ina wasomaji wawili, na kaka amepungua kilo sita ambazo daktari anasema ni za ajali.

Awamu ya 16 alikwenda kuilipa mwenyewe, anachechemea na fimbo. Bwana Tito alisaini. Alimsalimia vizuri, wakanywa soda. Sina kinyongo naye, alisoma mkataba kwa makini kuliko mimi, na kusoma kwa makini siyo kosa.

Ninajivunia, wakuu, sitaki kujifanya sijivunii. Lakini kama mnataka kujua najivunia nini zaidi, siyo faili. Faili ni karatasi na nailoni. Najivunia kwamba mwanamke aliyeniambia nifute "nikilala ghafla" ndiye aliyelishika faili vizuri siku ile kuliko mimi niliyelitunga. Mimi nilipanga karatasi. Yeye alijua za kutumia, na zilipogoma alijua pa kupitia.

Sasa hivi Mama Anjela ana kina mama kumi na wawili wa kikundi chake. Kila Alhamisi baada ya biashara wanakaa mgahawani, kila mmoja na ndoo yake yenye mfuniko, anawapangia. Mimi naitwa kama mtaalamu, nakaa pembeni, nakunywa chai. Hata mama yetu kule mlimani amekubali kutoa karatasi ya shamba kwenye chumvi, kwa masharti kwamba ndoo ikae chumbani kwake.

Nilichojifunza, kwa ufupi.

Panga karatasi kwa kufuata maswali yatakayoulizwa. Usilifungie. Aliye karibu nawe alijue, na kama kuna jambo hutaki alijue, jiulize litakuwaje siku ukinyamaza kwa lazima. Fanya nakala, na nakala moja iwe nje ya nyumba yako.

Na karatasi yoyote ambayo bado inasubiri kalamu ya mtu, usiipige laminesheni. Ikiwa imekamilika kabisa, weka kwenye nailoni ya kutoa na kuingiza. Hata hiyo mashine ya stationery ipitieni kwa mbali, kama mlevi aliyeacha anavyopita baa.

Karibuni mseme yenu. Hasa nataka kusikia kwa waliowahi kukwamishwa na karatasi iliyotunzwa vizuri kupita kiasi, maana nashuku siko peke yangu. Wanasheria wa humu, kama kuna mahali tulikosea pale ofisini, nirekebisheni bila huruma.

Kuna ndugu nilimsimulia haya kijiweni, swali lake lilikuwa moja tu: yote haya yameokoa shilingi ngapi? Nilimpa hesabu, na ninyi nawapa.

Ambacho kingepotea, nusu ya awamu kumi na tatu: 9,750,000.

Kutoa faili, nailoni, fotokopi na ile laminesheni: 11,400. Kutoa bodaboda za siku zote: 27,000. Kutoa wakili: 30,000.

Kilichookolewa: shilingi 9,681,600.